Maji Yashukayo Shimba

Watu wa pwani tumezoea kuyatazama maji kwa upande mmoja tu, upande wa bahari. Huko ndiko itokako riziki ya wavuvi wetu, na huko ndiko tuwapelekako watoto siku za Idi. Lakini maji tunayokunywa, tunayopikia, tunayotawadhia na tunayowaoshea maiti wetu hayatoki baharini. Yatoka nyuma yetu, upande wa bara. Kisiwa cha Mombasa hakina mto wa maji matamu. Hulishwa na chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, visima vya Tiwi, na chemchemi ya Marere iliyoko katika milima ya Shimba, kaunti ya Kwale. Hii ya Marere ni miongoni mwa vyanzo vikongwe vya maji ya mfereji mjini, na milima yake huonekana kwa macho siku ya anga safi. Hata hivyo, wengi wetu tumezaliwa, tumeolewa na tumelea wajukuu bila ya kukanyaga huko.

Katika likizo ya Agosti, familia tano tuliazimia kuugeuza uso. Tulikuwa kina mama saba, kina baba watatu, watoto kumi na wawili, na Bi Mkubwa mmoja aliyepindukia miaka sabini, ambaye ndiye aliyelizua shauri lenyewe. Yeye hukaa Mji wa Kale, katika nyumba ambayo mfereji wake hupitisha majuma bila ya kutoa hata tone, na kisima chake kina chumvi. Maji hununua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Alituambia: "Miaka yote hii nayalipia. Nataka niende nikayaone kwao kabla sijaondoka duniani." Hapakuwa na aliyeweza kulijibu neno hilo ila kwa kutafuta gari.

Kijiji cha Gazi

Safari yetu tuliianzia Gazi, kwa jamaa zetu waliotulaza usiku mmoja. Gazi ni kijiji cha Kiislamu kilichoko ufukweni, takriban kilomita 50 kusini ya Mombasa, kati ya Ukunda na Msambweni. Wapenda historia hukikumbuka kwa jina la Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekuwa na makao yake hapo katika karne ya 19 na aliyewapinga Waingereza kwa silaha mwaka 1895 na 1896, hata akavuka mpaka kuingia katika himaya ya Wajerumani. Ngome yake ya Mwele, iliyotekwa na Waingereza mwezi wa Agosti 1895, haikuwa ufukweni; ilikuwa huko huko milimani tulikokusudia kwenda. Tangu zamani, basi, watu wa Gazi walijua kwamba kijiji chao kina miguu miwili: mmoja umo majini, na mwingine umesimama juu ya milima ya Shimba.

Asubuhi wenyeji wetu walitupitisha katika mikoko. Kikundi cha wanawake wa kijiji kimejenga njia ya mbao inayokatiza katikati ya miti hiyo, na mgeni hulipa kiingilio ili apite juu ya matope bila ya kuchafua nguo. Watoto walihesabu kaa. Sisi tulisimama tukamsikiliza mama aliyetuongoza, naye alitueleza jambo ambalo baadaye lilitufanya tuielewe safari yote. Mikoko, alisema, haipendi chumvi tupu. Huihitaji bahari, lakini pia yataka maji matamu. Maji hayo matamu huletwa katika ghuba ya Gazi na mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, na yote miwili huanzia katika milima ya Shimba. Milima ikikauka, mikoko itadhoofika. Mikoko ikidhoofika, samaki na kamba watakosa mahali pa kulelea watoto wao. "Mnakokwenda leo," alituambia, "ndiko liliko jiko la ghuba hii."

Tulijulishwa pia juu ya Mikoko Pamoja, mradi ulioanza mwaka 2013 ambao kwa huo wanakijiji huilinda mikoko ya hekta 117. Miti hii huivuta hewa ya kaboni na kuizika matopeni kwa miaka mingi, na wako watu na makampuni ya ng'ambo wanaolipa ili kazi hiyo iendelee. Sehemu ya fedha hizo ilitumiwa kwa maji safi ya kijiji na kwa shule. Bi Mkubwa aliuliza mara mbili ili apate hakika: yaani watu waliacha kukata miti, wakapata mfereji? Aliambiwa ndivyo. Akatikisa kichwa, akalitia neno hilo katika kumbukumbu yake.

Njia ya kupanda

Kutoka Gazi tulirudi kaskazini kwa barabara ya Lunga Lunga, tukapita Ukunda hadi Kombani, tukakunja kushoto kufuata njia ya Kwale. Kuanzia hapo ardhi huinuka. Minazi haipotei ghafla. Hupungua kidogo kidogo, ikiachia nafasi miembe na mikorosho, na hewa inayoingia dirishani huwa nyepesi na ya baridi. Watoto waliokuwa wakipepea walianza kudai leso za mama zao wajifunike.

Sababu ya mabadiliko hayo si ngumu kuielewa. Upepo wa kusi huja na unyevu wa bahari, ukaigonga milima, ukalazimika kupanda. Unapopanda hupoa, na unyevu hugeuka kuwa ukungu na mvua. Juu ya milima iko misitu, na chini ya misitu iko ardhi ya mchanga na mawe ya mchanga. Majani huyapunguzia matone ukali wa kuanguka, mizizi huyafungulia njia, na mchanga huyanywa taratibu na kuyatoa taratibu, chini ya mteremko, kwa sura ya chemchemi. Ndiyo maana vijito vya Shimba huendelea kutiririka hata baada ya mvua kukatika. Palipokatwa miti, mvua ile ile huteremka kwa siku moja ikiwa na rangi ya udongo, kisha hapana kitu.

Kabla ya kufika kwenye lango la hifadhi tulisimama kununua ndizi kwa mama mmoja aliyekuwa ameketi kando ya njia, na mitungi miwili mitupu ya lita 20 ikiwa ubavuni pake. Alimwamkia Bi Mkubwa kwa shikamoo, naye akaitikiwa marahaba. Bi Mkubwa alimwuliza, kwa namna ya wazee wasiozunguka maneno, mbona mitungi ni mitupu na hali hapa ndipo kwenye kitovu cha maji.

"Bibi yangu," alijibu, "maji yapita kwetu yaenda kwenu. Sisi twateka kijitoni, kule bondeni, na ndovu nao huja kunywa huko. Nikitoka alfajiri nasimama kwanza mlangoni nisikilize. Nikisikia matawi yanavunjika, siku hiyo twangoja jua lipande, na watoto waenda shule bila ya kuoga."

Hakusema kwa hasira. Alitupangia ndizi katika kikapu, akatuongezea mbili za watoto, na akatutakia safari ya heri. Lakini ndani ya gari palikuwa kimya kwa muda. Sisi tuliodhani tunakwenda kuona uzuri tulikuwa tumeonyeshwa pia hesabu yake.

Ndani ya hifadhi

Hifadhi ya Milima ya Shimba ilitangazwa rasmi mwaka 1968 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sifa yake kubwa ni palahala, paa mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma, ambaye katika Kenya nzima makao yake ni hapa peke yake. Tulimwona mmoja, dume jeusi lenye tumbo jeupe, amesimama nyikani akitutazama kwa kiburi cha mwenye nyumba. Wako pia mbega wenye mabega meupe, na ndovu ambao nyayo na kinyesi chao tulikiona kila mahali ingawa wenyewe walijificha. Mwaka 2005 ndovu wapatao 150 walihamishwa kutoka hapa hadi Tsavo Mashariki kwa kuwa walikuwa wengi mno kwa mahali padogo. Waliobaki bado hukutana na majirani, kama tulivyokwisha kusikia kwa muuza ndizi.

Miti nayo haina idadi. Iko mivule mikubwa, na iko mimea ya kale inayofanana na minazi mifupi yenye majani makavu kama ya plastiki. Kutoka kwenye kilima cha mbele tuliiona bahari, mstari wa buluu upande wa mashariki. Watoto walishangaa kuiona kutoka juu, na mmoja akauliza iwapo watu wa Gazi wanatuona.

Kwenda kwenye maporomoko, ambayo hujulikana kwa jina la Sheldrick, hapana ruhusa bila ya askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Tulipewa kijana mwenye adabu. Alitueleza kwamba mwendo ni kama kilomita mbili, kushuka tupu wakati wa kwenda na kupanda tupu wakati wa kurudi, na kwamba hapana gari linaloweza kumfuata atakayechoka. Alipolisema hilo macho yake yalikuwa kwa Bi Mkubwa.

Hapo ndipo yalipozuka majadiliano. Binti yake alimsihi abaki juu, kivulini, na mmoja wetu abaki naye. Magoti yake tunayajua. Kwa muda wa miaka mitatu amekuwa akisali juu ya kiti. Akianguka chini bondeni, nani atambeba? Kina baba walikuwa watatu tu, na mmoja wao ana ugonjwa wa mgongo. Bi Mkubwa alituacha tukasema yote. Kisha akavua champali, akavaa raba alizozificha katika kikapu chini ya mahamri, akasema: "Nimekuja kuyaona maji. Kivuli ninacho nyumbani." Tulikubaliana kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye atakayetangulia nyuma ya askari, ili mwendo wake uwe ndio mwendo wa sote.

Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko tulivyotarajia. Watoto, waliozoea kukimbia, walilazimika kutembea, na kwa kutembea waliona mengi: siafu wakivuka njia, vipepeo wakinyonya unyevu wa matope, tunda lililotafunwa na nyani likaachwa nusu. Bi Mkubwa alishikwa mkono huku na huku. Palipokuwa na mteremko mkali aliketi akajisogeza kwa makalio, na hakumwonea haya mtu. Askari alikuwa akigeuka na kumwambia, "Polepole, mama, maporomoko hayaendi popote." Naye akamjibu, "Mimi ndiye ninayekwenda, mwanangu."

Mbele ya maji

Sauti hufika kabla ya maji. Kwanza ni kama upepo katika minazi, kisha kama mvua kwenye paa la mabati, na mwishowe, baada ya pindi ya njia, ukuta wa mawe meusi husimama mbele yako na maji meupe yakiteremka kutoka kimo cha zaidi ya mita 20. Chini yake pana kidimbwi chenye changarawe, si kirefu, na ukungu mwembamba unaolowesha uso wa kila anayekaribia. Ferni zimejishika katika nyufa za mawe. Jua huingia kwa kipande tu.

Hatukusema kitu kwa muda. Kisha mama mmoja akasema "Subhanallah," na watoto wakapiga kelele wote kwa pamoja. Askari, kwa heshima yake, alirudi akasimama kwenye mwanzo wa njia na kutupa mgongo, na kina baba wakaenda naye. Tulifunga leso juu ya nguo zetu, tukaingia majini hadi magotini, na walio wadogo wakaoga. Maji yalikuwa ya baridi ya kushtua. Walikuwamo miongoni mwetu kina mama ambao tangu usichana wao hawakuwahi kuingia majini mchana mahali pa wazi, na furaha yao ilikuwa kubwa kuliko ya watoto.

Ilipokaribia adhuhuri tulianza kutawadha. Bi Mkubwa alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya maji. Alitoa katika mkoba wake kopo dogo la bati, lile lile analolitumia nyumbani, akalichota mara moja, akajitenga na kidimbwi, akatawadha kwa maji ya kopo hilo tu, kiungo kwa kiungo, bila ya haraka. Maporomoko yalikuwa yakinguruma hatua chache kutoka alipo. Mjukuu wake wa miaka tisa alimtazama, akamwuliza: "Bibi, maji yote haya, na wewe watawadha kwa kopo?"

"Haya si yetu," alimjibu. "Haya yako njiani. Yaenda kwa mtu."

Tuliosoma tunajua asili ya adabu hiyo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kipimo cha mudi moja, kiasi kisichofika lita moja ya siku hizi, na kwamba alimkanya sahaba wake Saad asifanye israfu katika udhu hata kama yuko kwenye mto unaopita. Mafundisho haya twayasikia madrasani na kuyakariri. Lakini ni jambo jingine kuyaona yakitendwa mbele ya maji yasiyohesabika, na mtu ambaye hana haja ya kubana, kwa sababu moja tu kwamba anawafikiria walio chini yake. Tulijitazama, kisha tukaanza kuchota kwa viganja.

Kupanda kulichukua muda maradufu ya kushuka. Bi Mkubwa alipumzika mara sita. Mara ya nne uso wake ulikuwa umesawijika na pumzi imekuwa fupi, na binti yake akaanza kulia kimya kimya. Askari alimpa maji, akamfungulia kivuli kwa kukunja matawi, na akasimama bila ya kutuharakisha. Hatukuzungumza. Kila mmoja wetu alikuwa akisoma alichokijua. Baada ya kitambo aliinua mkono apewe wa kumshika, tukaendelea. Tulipofika juu alikaa chini kwenye mkeka, akaitazama bahari kule mbali, na akasema Alhamdulillah kwa sauti ambayo hata askari aliitikia.

Kwa kuwa kutoka Mombasa hadi Kwale hapafiki mwendo wa kufupisha sala, ambao kwa madhehebu yetu ya Shafii hukadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 80, tulisali adhuhuri rakaa nne kamili, kina baba mbele na sisi nyuma. Kisha tukafungua mahamri, mbaazi, viazi vya karai na sharubati ya ukwaju, tukala kwa njaa ya milimani.

Tangi na ufunguo

Wakati wa kula mazungumzo yalirudi kwa muuza ndizi. Mmoja wa kina baba alikumbusha hadithi isemayo kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mwingine akataja kisa cha Saad bin Ubada, aliyeuliza sadaka gani iliyo bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, akaelekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima. Ilionekana wazi kwamba sisi tunaokunywa kutoka mlima huu tuna deni kwa watu wawili: kwa msitu unaoyatunza maji, na kwa majirani wa msitu wanaoyakosa. Tukapatana kwamba tukirudi tusimame tena, tumwulize yule mama kama tangi la kuvunia maji ya mvua, likiwekwa kwenye paa la madrasa ya kijiji chake, lingewafaa.

Tulimkuta akikusanya vitu vyake. Alitusikiliza hadi mwisho, akatushukuru, kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea: "Na ufunguo atakaa nao nani?"

Alitueleza. Si mara ya kwanza kwa watu wema kupita hapa. Liliwahi kuletwa tangi. Mfereji wake ukafungwa kwa kufuli, ufunguo ukakabidhiwa mwanamume mmoja aliyekuwa na shughuli zake mjini, na wanawake wakawa wanangoja hadi magharibi. Kisha likapasuka, na hapakuwa na aliyejua nani wa kulitengeneza. "Tangi si shida," alisema. "Mnaweza kuleta tangi kesho. Mimi nauliza juu ya kesho kutwa."

Bi Mkubwa, aliyekuwa amechoka kiasi cha kutoshuka garini, aliyasikia kupitia dirishani. Alimwita yule mama karibu, akamshika mkono, akamsimulia yale ya Gazi: jinsi wanawake wanavyoisimamia njia ya mbao wao wenyewe, jinsi watu wa kijiji kile walivyoilinda miti yao na maji yakawafikia. Walizungumza muda mrefu, nasi tukawaacha. Mwishowe walikubaliana kwamba yule mama atawakutanisha wanawake wa kitongoji chake baada ya sala ya Ijumaa, wachague watatu wa kushika ufunguo na daftari, na ndipo atupigie simu. Sisi tusilete kitu kabla ya simu hiyo.

Kwa wanaotaka kwenda

Familia zinazotaka kuifuata njia hii zizingatie machache. Miezi mizuri ni ile ya baada ya mvua, maji yakiwa mengi na njia ikiwa imeanza kukauka. Wakati wa mvua kubwa mteremko huteleza. Vaeni viatu vya kufunga, wala si champali. Malipo ya kuingia hifadhini hayapokelewi kwa fedha taslimu; yatengenezeni mapema kwa simu. Tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja vimepigwa marufuku katika hifadhi zote za taifa, kwa hiyo bebeni maji katika vyombo vya kudumu. Fikeni asubuhi ili mpate askari wa kuwaongoza na mrudi juu kabla ya alasiri. Chukueni mkeka, leso za ziada na nguo kavu za watoto. Mwenye moyo au pumzi dhaifu na aulize daktari kwanza. Kupanda kule si mzaha. Na msiache nyuma yenu hata ganda la ndizi.

Mnaolala Gazi, piteni katika mikoko kabla ya kwenda milimani. Mtu akishaona mahali maji yanapoishia, huyatazama kwa jicho jingine mahali yanapoanzia.

Tangu turudi, kila nyumba miongoni mwa zile tano huweka kando, kila Ijumaa, bei ya mtungi mmoja wa mkokoteni. Wa kwanza kutoa huwa Bi Mkubwa, ambaye magoti yalimlaza siku nne na ambaye hajaijutia hata moja. Simu kutoka Kwale ilikuja juma la tatu. Wanawake watatu wamekwisha chaguliwa. Mmoja wao ni muuza ndizi. Wameomba jambo moja la nyongeza, kwamba pamoja na tangi tuwapelekee miche ya miti ya kupanda pale kijitoni wanapoteka. Fedha za miche zimepatikana. Za tangi bado kidogo, inshallah.